Kamera Mbili Kabatini: Tuuze au Tutunze?



Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya vitu tulivyo navyo viwili viwili nyumbani. Pasi mbili, redio mbili, cherehani mbili. Kila tunapofanya usafi tunavifuta vumbi na kuvirudisha mahali pake, bila kujiuliza tunavitunza kwa ajili gani. Tumelichagua jambo hili kwa sababu mama mmoja wa Njoro, hapa Moshi mjini, ametuletea swali ambalo tunaamini linawahusu wengi wetu.

Mume wake alikuwa mpiga picha. Hakuwa na studio. Jumamosi alikwenda kwenye harusi, Jumapili kwenye ubatizo na kipaimara, na mwezi wa Desemba alipanda Kibosho na Marangu, watu wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Alitumia kamera mbili za filamu, zote Yashica Electro 35, zinazofanana kama mapacha. Siku hizi harusi hupigwa picha kwa kamera za dijitali na kwa simu, na zile mbili zimelala kabatini, kila moja ndani ya mfuko wake wa ngozi. Mtoto wao anaingia kidato cha kwanza Januari, shule ya bweni. Zinatakiwa sare, viatu, godoro na tranka. Mama anasema kamera ziuzwe zote mbili. Baba anasema haiuzwi hata moja. Wamefika mahali hawalizungumzi tena.

Kwa nini zilikuwa mbili

Kwanza, mama asidhani kwamba ile ya pili ilinunuliwa kwa tamaa ya vitu. Kamera ya filamu ikishawekwa mkanda, mkanda huo hukaa humo mpaka uishe. Ukiwa wa rangi, wa picha 36, na mtu akaomba picha nyeusi na nyeupe, mpiga picha hana la kumwambia. Ndiyo maana wapiga picha wengi walitembea na kamera mbili. Tena ya pili ilikuwa akiba. Bwana harusi hawezi kuambiwa avue pete aivae upya kwa kuwa kamera imegoma.

Kwa hiyo kamera ya pili ilikuwa na kazi, na kazi hiyo iliwalisha watoto wa nyumba hiyo. Baba anaposema haiuzwi, huenda anachosikia moyoni ni kwamba jasho lake la miaka mingi linaitwa takataka. Mama naye anaposema ziuzwe, anahesabu siku zilizobaki kabla ya Januari. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa. Lakini swali la kuwasaidia si nani anazipenda zaidi. Swali ni hili: kazi ya ile kamera ya pili bado ipo?

Zitazameni pamoja kwanza

Kabla ya kuuza au kutunza, ni lazima mjue mna nini mkononi. Yashica Electro 35 ilianza kuuzwa na kampuni ya Yashica ya Japani mwaka 1966, na miaka ya 1970 bado ilikuwa ikitengenezwa. Zilitoka kwa mamilioni, kwa hiyo msitegemee bei ya kujenga nyumba. Iwapo kamera yenu ina jina la Leica, hilo ni jambo jingine. Msiiuze mpaka mtu anayezijua ameitazama.

Anzeni kwa kuhakikisha hakuna mkanda ndani. Zungusheni taratibu ile kishikio ndogo ya kurudishia filamu. Ikiwa nzito, huenda kuna mkanda; urudisheni wote kwanza, ndipo mfungue mgongo wa kamera. Mkifungua mapema mwanga utaunguza picha, na hamjui ni sura ya nani iliyomo humo.

Pili, betri. Kamera hizi zilitengenezwa kwa betri ya zebaki, ambayo haiuzwi tena. Watu hutumia betri ndogo ya volti 6, pamoja na kipande cha kujazia nafasi inayobaki. Bila betri kamera bado hufyatua, lakini kwa kasi moja tu, sehemu moja ya mia tano ya sekunde. Ndiyo maana nyingine huuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa kudhaniwa ni mbovu, kumbe zimekosa betri tu.

Tatu, lenzi. Wekeni alama ya B, fungueni mgongo, bonyezeni kitufe bila kukiachia, na mwangaze kwa tochi kupitia lenzi. Mkiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu. Njoro yetu ina maji na miti, na mvua za masika hukaa. Mfuko wa ngozi hushika unyevu, na ukungu hupenda mahali pa giza pasipoguswa. Mnaotunza kamera, itoeni ndani ya mfuko, ikae mahali pakavu penye hewa.

Nne, kipimo cha umbali. Katikati ya dirisha la kutazamia, mtu mmoja huonekana mara mbili, nanyi mnazungusha lenzi mpaka taswira hizo ziwe moja. Sisi tunaokaa chini ya mlima tuna kipimo cha bure. Asubuhi na mapema, Kibo ikiwa wazi, zungusheni lenzi mpaka mwisho wa mbali na mtazame kilele. Taswira zikikutana, kipimo ni kizima. Zikiachana, kamera hiyo inahitaji fundi.

Lipi lifanyike

Kampuni ya Kyocera, iliyoichukua Yashica mwaka 1983, ilitangaza mwaka 2005 kwamba inaacha biashara ya kamera. Basi kipuri cha Electro hupatikana ndani ya Electro nyingine. Hapo ndipo penye jibu.

Ikiwa moja ni nzima na nyingine mbovu, msiuze ile mbovu. Sokoni itawapa fedha kidogo sana, lakini kabatini ni ghala la vipuri vya mwenzake. Zikiwa nzima zote mbili, na baba hapigi tena picha za biashara, ya pili haina kazi nyumbani. Iuzwe ingali nzima, kwa kuwa kamera isiyotumika huharibika polepole, na baada ya masika kadhaa mtakuwa na mbovu mbili. Wanunuzi wapo. Vijana wa nchi nyingi wameirudia filamu, hata Pentax walitoa kamera mpya ya filamu mwaka 2024.

Lakini baba ndiye achague ipi ibaki. Na tunamsihi mama, usiiuze kwa siri, hata kama njaa ya Januari inakubana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kufunga ndoa hakubadilishi umiliki wa mali ambayo kila mmoja alikuwa nayo. Kama alizinunua kabla hamjaoana, ni zake. Hata pasipo sheria, fedha ya siri ikinunua godoro, mtoto atalala vizuri na ninyi wawili hamtalala.

Mwambie hivi: "Baba watoto, tukae tuzitazame kamera zako. Ile utakayoipenda ibaki. Ya pili imsindikize mtoto shuleni." Kubalianeni bei ya chini kabisa kabla mnunuzi hajafika. Mwambieni kasoro zote. Msitoe kwa mkopo. Na mtaje kazi ya fedha kabla haijaingia mkononi: hii ya godoro, hii ya viatu, na kiasi kidogo cha mkanda mmoja kwa kamera iliyobaki. Kamera iliyobaki ikipigwa picha mara kwa mara itadumu, na mtoto anaweza kujifunza kwa baba yake.

Kisichouzwa

Kuna kitu kimoja ambacho mama huyu hakukitaja, nacho ndicho tunachokihofia zaidi: mikanda iliyokwisha kusafishwa. Mpiga picha wa miaka mingi ana maboksi yake. Humo mna ndoa za majirani, wazee waliokwisha kulala, watoto ambao leo ni mababa.

Kule Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mtoto wake Rohit akaiendeleza. Watu wameingia pale kutazama Unguja ya zamani katika picha nyeusi na nyeupe. Hapa kwetu Kilimanjaro, wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893, na picha walizopiga mlimani zimehifadhiwa. Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani kimeziweka wazi kwa watu wote. Anayezitazama huwatafuta watu wake humo. Hamuulizi mtu kamera ilikwenda wapi.

Basi kabla kamera haijatoka nyumbani, yatoeni yale maboksi. Wekeni mikanda katika bahasha za karatasi, mbali na unyevu na moshi wa jikoni. Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli, bila kukandamiza, majina na mwaka, maadamu baba bado anawakumbuka wote. Kazi hiyo itachukua jioni nyingi, na ni yeye tu anayeweza kuifanya. Kamera ya pili ikiondoka, mwenyewe ataona kwamba jasho lake limebaki nyumbani.

Tuonane toleo lijalo.