Shukrani ya Mfanyabiashara Iko Kwenye Mizani

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, ukipita katika mitaa ya maduka ya Kasulu mjini, kisha ukapanda gari mpaka Kibondo, utaona kibandiko kimoja kinakufuata njia nzima. Kiko juu ya mlango wa duka la vifaa vya ujenzi, kiko kwenye kioo cha Fuso, kiko ukutani nyuma ya mnunuzi wa maharage. Kinatangaza kuwa mali hii ni katika fadhila za Mola. Maneno hayo asili yake ni ya Nabii Sulayman (a.s.), nayo yamo katika Suratun-Naml, aya ya 40. Sisi tunauliza swali moja tu: kwa nini wenye vibandiko wameishia hapo? Sulayman hakuishia hapo. Katika kauli hiyohiyo alieleza kwa nini amepewa: ili ajaribiwe, ionekane kama atashukuru au atakufuru neema. Nusu ya kwanza imepambwa kwa rangi ya dhahabu. Nusu ya pili haikupata nafasi ukutani.

Siku hizi umeongezeka mtihani mwingine. Wamekuja walimu wa ujasiriamali wanaofundisha kwamba mwenye duka akiamka ataje neema tatu, awashukuru wateja kwa tabasamu, na mauzo yatapanda. Hatusemi tabasamu ni baya; Mtume (s.a.w.) amelihesabu kuwa ni sadaka. Lakini shukrani iliyogeuzwa chambo cha wateja ni shukrani kwa nani? Ahadi ya Allah ya kuwazidishia wanaoshukuru imo katika Surat Ibrahim, aya ya 7, nasi tunaiamini bila shaka yoyote. Ila aya ile haikusema kuwa ziada hiyo ni shilingi, na mwisho wake ni onyo la adhabu kali, jambo ambalo katika semina hizo halisikiki. Imam Ibn al-Qayyim (Allah amrehemu) ameeleza kuwa shukrani hukaa mahali patatu: katika moyo unaokiri, katika ulimi unaosifu, na katika viungo vinavyotii. Moyo wa mtu hatuuoni. Ulimi tunausikia, na Alhamdulillah zetu ni nyingi. Tatizo letu liko kwenye viungo, na mkono unaoshika ndoo ya kupimia ni kiungo.

Basi tuutazame mkono huo. Kila msimu wa maharage wanunuzi huenda vijijini na magunia yao. Gunia halifungwi lijaapo. Huongezwa kilemba, likashonwa kwa kamba juu ya mdomo wake, likawa lumbesa. Sheria ya Vipimo ya nchi hii haikubali gunia la mazao lizidi kilo 100, lakini lumbesa huzidi, na mkulima hulipwa gunia moja. Tufanye hesabu ambayo hata mtoto wa madrasa anaiweza. Gunia likibeba kilo 120 likalipwa kama 100, basi katika kila magunia matano mnunuzi amepata la sita bure. La sita hilo alililima mama mmoja wa Kiha kwa jembe la mkono, akiwa na mtoto mgongoni. Wapo na wanaonunua kwa ndoo iliyotanuliwa kwa moto, kisha wanauza dukani kwa ndoo ambayo haijaguswa moto. Hawa ndio hasa walioelezwa mwanzoni mwa Suratul-Mutaffifin: wakijipimia kwa watu hutimiza, wakiwapimia wengine hupunguza.

Na tazameni namna Nabii Shuayb (a.s.) alivyowaambia watu wa Madyan, katika Surat Hud, kuanzia aya ya 84. Alipowakataza kupunguza vipimo alitaja papo hapo kuwa anawaona wamo katika hali ya kheri, yaani wana neema. Hakuwalaumu mafukara waliosukumwa na njaa. Aliwalaumu watu walioshiba, kwa sababu kupunja kwa aliyeneemeshwa ndiko kukufuru neema kwenyewe. Nao walimjibu nini? Walimkejeli: je, swala yako ndiyo inayokuamrisha utuzuie kufanya tupendavyo katika mali zetu? Jibu hilo tumelisikia kwa masikio yetu, barazani, baada ya Isha: "Ustadhi, wewe baki na madrasa yako, biashara utuachie sisi." Tulicheka pamoja nao siku ile. Tunamuomba Allah atusamehe kicheko hicho.

Wanazo hoja, na hatutaki kuwadhulumu. Wanasema barabara mbovu zinawamaliza, mafuta ni ghali, ushuru ni mwingi, na asiyenunua lumbesa atashindwa na anayenunua. Zamani hoja hii ilikuwa na uzito. Tunakumbuka malori yaliyonasa kwenye tope la masika kati ya Kasulu na Nyakanazi, na mashine za kusaga zilizotegemea dizeli. Lakini lami imefika sehemu kubwa ya njia hiyo, na mwaka 2022 Kasulu na Kibondo ziliunganishwa na Gridi ya Taifa. Gharama ya safari imepungua. Je, kilemba cha gunia kimepungua pia?

Kuhusu vijana wa dukani tutasema machache. Babu zetu walitoka milima hii wakaenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakijaza kipande cha siku 30 ndipo walipwe. Tunasimulia dhuluma ile kwa uchungu hadi leo. Kisha mjukuu wa manamba anamleta kijana wa ndugu yake kutoka kijijini, anamweka dukani mwaka mzima kwa chakula na shati la Idi, anasema "namlea". Huyu hana hata kipande.

Lipo jambo zito zaidi, nalo wengi halitawapendeza. Tangu mwaka 1972 ndugu zetu wa Burundi wamekuwa wakikimbilia kwetu, mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo, na mwaka 2015 Nduta ikafunguliwa tena. Katika masoko ya pamoja kando ya kambi, mkimbizi aliuza sehemu ya unga na mafuta ya mgao wake kwa bei ya kutupa ili apate dagaa, sabuni na chumvi. Nani alinunua unga ule? Nani alimuuzia sabuni? Masoko hayo yalipofungwa, kati ya mwaka 2018 na 2019, ndipo baadhi ya wenye maduka walipojua mauzo yao yalitoka wapi. Hatuzungumzii siasa za serikali, wala hatukanushi kwamba misitu imekatwa na watu wamepata madhara. Tunamzungumzia yule aliyeezeka bati kwa faida ya soko lile, naye leo ndiye wa kwanza kusema kuwa mkimbizi ni mzigo. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Daud na Tirmidhi, amefundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah.

Na katika Bukhari na Muslim imo habari ya watu watatu wa Bani Israil: mwenye mbaranga, mwenye upara na kipofu. Waliponywa, wakapewa ngamia, ng'ombe na mbuzi, wakatajirika. Malaika akawarudia katika sura zao za zamani, masikini aliyeishiwa njiani. Wa kwanza akasema ana majukumu mengi, na mali ameirithi kwa wazee wake. Wa pili vivyo hivyo. Kipofu peke yake alikiri alikotoka, akamwambia achukue atakacho. Hakukumbuka kwa mdomo tu. Alifungua zizi.

Kwa hiyo kabla msimu haujaanza tunawaomba maimamu walitaje jambo la lumbesa katika khutba, kwa jina lake, na kila mnunuzi mwenye kuswali nasi aende kijijini na mizani ya kilo. Na anayetaka kibandiko chenye aya nzima, madrasa yetu itamwandikia bila malipo. Alete karatasi na wino.

Wabillahit-tawfiq.