Usukani ukitetemeka, tusinunue spea kwa kubahatisha

MFANYABIASHARA wa viazi wa Makambako anajua kila asubuhi gunia limeamkia bei gani Dar es Salaam. Anajua mkulima wa Njombe anauza kwa kiasi gani shambani, anajua ushuru na anajua nauli. Lakini muulize kwa nini usukani wa gari lake unatetemeka kila anapokanyaga breki, atakujibu: "Ni barabara tu," au "Fundi kasema ni tairi."

Mimi ni mchumi wa kilimo, si fundi magari. Naandika haya kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe, na nimelilipia.

Msimu uliopita Noah yangu, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ilianza kutetemeka usukani kila nilipofunga breki. Fundi wa kwanza aliniambia ni tairi. Nikanunua mbili za mbele. Hali ikabaki vile vile. Wa pili akasema ni tairodi, zikabadilishwa zote mbili. Bado. Wa tatu akaweka brekipedi mpya, mtetemo ukapungua kwa siku chache kisha ukarudi. Hadi hapo nilikuwa nimetumia shilingi 480,000, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepima kitu chochote.

Fundi wa nne ni mzee mmoja wa hapa Makambako. Baada ya kumwamkia, nilianza kumweleza spea nilizokwisha kununua. Akanikatisha. "Mwanangu, sijakuuliza umenunua nini. Nimekuuliza linatetemeka lini." Akaomba tuliendeshe kwanza.

Swali hilo la "lini" ndilo lenye thamani katika kazi yote hii, na halihitaji chombo chochote.

Kama usukani unatetemeka hata bila kukanyaga breki, hasa gari linapofikia mwendo fulani, anza na magurudumu: tairi zilizovimba, rimu zilizopinda au magurudumu yasiyosawazishwa uzito. Kama unatulia kabisa na kuanza kutetemeka pale tu unapokanyaga breki, anza na breki za mbele. Kama mtetemo unausikia zaidi kwenye kiti kuliko mikononi, angalia breki za nyuma. Kama gari linavuta upande mmoja, huenda breki ya gurudumu moja imeganda au ya upande wa pili haishiki. Simamisha gari kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu lenye joto kuliko mwenzake litajionyesha lenyewe.

Kwa gari lenye breki ya ABS, pedali kupigapiga mguuni unapofunga breki ghafla kwenye utelezi ni kazi ya kawaida ya mfumo huo. Usimlipe mtu akutengenezee.

Mzee yule alipandisha gari kwa jeki, akalitikisa gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia, kuona kama beringi, boljointi au tairodi zimelegea. Vitu hivi vikichakaa hukuza mtetemo, ingawa mara nyingi si chanzo chake. Vyangu vilikuwa vizima. Akafungua diski, na nyuma yake, pale inapokaa kwenye habu, palikuwa na magamba ya kutu. Nati nazo zilikuwa zimekazwa bila mpangilio, nyingine kwa nguvu zote na nyingine nusunusu.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Diski isipokaa sawasawa huzunguka ikiyumba. Kuyumba huko ni sehemu ndogo mno ya milimita, jicho halikuoni, lakini kila mzunguko brekipedi hugusa pale pale. Baada ya maelfu ya kilomita diski huwa nyembamba sehemu moja na nene sehemu nyingine. Ukikanyaga breki, unene huo usio sawa husukuma brekipedi, na msukumo huo hupanda mpaka mikononi mwako. Kwenye Canter za zamani zenye dramu mbele, ubaya unaofanana na huo ni dramu iliyopoteza uduara.

Akasugua kutu kwa brashi ya waya, akapeleka diski kuchongwa, akakaza nati kwa mtindo wa msalaba, kidogokidogo, hadi zikalingana. Kabla ya kuchonga alisoma unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida huandikwa kwenye diski yenyewe. Ikishuka chini ya hapo haichongwi, inatupwa. Nililipa shilingi 60,000, na usukani ukatulia.

Kwa mtazamo wangu, lawama si za mafundi wale watatu peke yao. Sisi wateja tunalipia spea bila kusita kwa sababu tunaiona, inashikika. Fundi akisema "kuangalia tu ni shilingi 10,000", tunaona anatuibia. Basi naye anafanya kile tunachokilipia: anabadilisha. Ni sawa na mkulima anayenunua mbolea mifuko kumi lakini anaona kupima udongo ni gharama ya bure. Taarifa nayo ni bidhaa, na ikikosekana tunainunua kwa bei ya makosa.

Kwa mtu wa Makambako makosa hayo ni ghali zaidi, kwa sababu ya barabara zetu. Mzigo unaokwenda Dar es Salaam lazima uteremke Kitonga. Unaokwenda Songea unapita milima ya Lukumburu. Gari linapoongezeka mwendo kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, joto ambalo breki zinapaswa kulibeba ili lisimame huongezeka mara 4, wala si mara 2. Ukizidisha mzigo, unaongeza tena. Mizani ya barabarani itakukamata kwa uzito, lakini haipimi breki.

Dereva anayeteremka mlima mguu ukiwa juu ya breki muda wote anazipika diski zake. Akifika Ruaha Mbuyuni, akasimama kununua vitunguu huku bado amekanyaga pedali, brekipedi za moto huacha alama pale zilipoishika diski, na mtetemo unaweza kuanzia hapo. Teremka kwa gia nzito, pumzisha breki, na usimwagie maji magurudumu ya moto.

Mafuta ya breki nayo yana umri. Kwa viwango, DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka mlimani, pedali inazama na breki hazishiki. Diski mpya hazitakuokoa hapo.

Wapo watakaosema: gari langu linatetemeka mwaka wa pili sasa na bado linafika. Ni kweli, mtetemo mdogo wa diski peke yake haulizuii gari kusimama. Hatari ni kwamba nati zilizolegea, beringi iliyokufa na boljointi inayotaka kuchomoka nazo huja kwa mtetemo. Ukiwa umeuzoea mtetemo, hutajua siku ulipobadilika sababu. Siku hiyo kwenye gari hakuna viazi tu, kuna dereva, kuna utingo na kuna wenye mzigo waliopanda juu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tukubali kulipia uchunguzi kama kazi kamili, hata kama hakuna kilichobadilishwa. Pili, tumdai fundi atuonyeshe kipimo kabla ya spea: unene wa diski, kulegea kwa gurudumu, na kuyumba kwa diski kwa wenye chombo cha kupimia. Asiye na kipimo aanze na yasiyo na gharama, yaani nati, kutu na tairi, kabla ya kwenda kwenye ya gharama. Tatu, vikundi vya wakulima vinavyokodi magari viache kuuliza nauli peke yake. Viulize pia: breki zilikaguliwa lini, mafuta ya breki yalibadilishwa lini, usukani unatetemeka au hautetemeki? Dakika kumi za kulijaribu gari likiwa tupu, mahali pa wazi, zinatosha kupata jibu la swali la tatu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba mahali pasipo na ufa mara tatu, nikalipa mara tatu. Kesho ukienda gereji, usianze kwa kutaja spea. Anza kwa kueleza linatetemeka lini.