Waliompisha Kipchoge

Kila akitajwa Kipchoge na unyenyekevu, watu huishia kwenye kusafisha vyoo kambini Kaptagat. Sawa, lakini mimi huwaangalia waliomkimbizia Vienna, Oktoba 2019, alipokuwa akisaka kumaliza marathoni chini ya saa mbili. Wadhibiti kasi 41 wakipokezana: watano mbele kumkinga upepo, wawili nyuma. Na si watu wa kuokotwa njiani! Bernard Lagat alikuwemo, na Matthew Centrowitz, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 2016. Mtu wa hadhi hiyo anashika kasi aliyopangiwa, haongezi hata hatua, zamu ikiisha anapisha. Mwishoni wakarudi nyuma wote, Kipchoge akamaliza peke yake kwa saa 1:59:40. Huku kwetu mastaa wa timu moja wanagombania nani apige penalti.