Nani Alijenga Dirisha la Malipo?

Majuzi nilimsindikiza shangazi yangu kutoka Kibosho hadi hospitali moja ya mkoani kwetu. Ana miaka zaidi ya 70. Kabla hajaonana na daktari tulielekezwa dirishani kulipa. Nilipouliza kuhusu msamaha wa wazee, nikaambiwa nilete barua ya mtendaji. Shangazi akafungua fundo la kanga, akalipa.

Nani aliamua kwamba dirisha la fedha litangulie mlango wa daktari?

Si Azimio la Arusha la 1967. Ujamaa ulikuwa na kasoro zake, na rafu za dawa zilikuwa tupu mara nyingi, lakini ulishikilia kwamba mgonjwa si mteja. Mwaka 1977 ukapiga marufuku hata hospitali za kibinafsi za biashara. Kisha hazina ikakauka. Mwaka 1986 tukatia saini mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1991 marufuku ile ikaondolewa. Mwaka 1993 hospitali za umma zikaanza kutoza ada, nasi tukafundishwa kuiita "uchangiaji". Mwaka huohuo Benki ya Dunia ilitoa ripoti yake mashuhuri kuhusu kuwekeza katika afya. Mwenye macho haambiwi tazama.

Wapo watakaoniambia kuwa bila wageni hata KCMC isingekuwapo. Ni kweli. Hospitali ile ilifunguliwa Machi 1971 kwa fedha nyingi za ng'ambo, nami siwezi kuubeza wema ule. Lakini kusaidiwa kujenga nyumba ni jambo moja. Kuamuliwa nani aingie kwa mlango upi ni jambo jingine.

Wapo pia watakaosema hatukuwa na njia nyingine. Uganda ilipewa dawa hiyohiyo. Mwaka 2001 ikafuta ada katika vituo vyake vya umma, na maskini waliokuwa wakiugulia majumbani wakarudi kutibiwa. Upungufu wa dawa haukuisha, lakini ilithibitika kwamba ada ile haikuwa amri ya Mungu. Ilikuwa sera, na sera huandikwa na watu.

Ndiyo maana lawama yangu haiishii Washington. Mwaka 2001 huohuo, viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi ile hatukulazimishwa na mgeni yeyote kuivunja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tunamtegemea hata asiye ndugu.

Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Sitaipima kwa hotuba wala kwa sifa za wafadhili. Nitaipima siku shangazi atakaposhuka tena kutoka Kibosho: je, atakayemwona kwanza ni daktari, au ni mtu wa dirishani aliyebadilishiwa jina?