Kwani Mhudumu Ana Kasoro Gani?

Mwanamume akiingia ofisini na tai ya kipepeo, hamalizi kusalimia kabla hajaulizwa menyu iko wapi. Mwingine atataka kujua harusi ni ya nani. Akiivaa siku ya usaili, watakuwapo wa kumshauri, tena kwa nia njema kabisa, arudi nyumbani akabadilishe: tai ndefu ndiyo ya watu makini, kipepeo waachiwe wahudumu wa hoteli, wapiga muziki, mabwana harusi na watoto wa komunyo ya kwanza. Jambo hili linasemwa kwa uhakika kana kwamba tumezaliwa nalo. Halina mashiko, na ubaya wake mkubwa ni dharau iliyojificha ndani yake.

Tuanze na hiyo tai ndefu inayopewa heshima ya mzee wa ukoo. Yenyewe na kipepeo baba yao ni mmoja: kitambaa cha shingoni walichovaa askari wa Kikroatia karne ya 17, Wafaransa wakakiona, wakakipenda, wakakisambaza Ulaya nzima. Kwa miaka mingi kilifungwa kwa mitindo chungu nzima, na fundo la kipepeo lilikuwa mojawapo. Tai ndefu ya leo, inayoning'inia bila kujisokota, ilipata umbo lake miaka ya 1920 pale Jesse Langsdorf wa New York alipobuni namna ya kukata kitambaa kimshazari na kukiunga kwa vipande vitatu. Ni vazi la miaka mia moja tu, na sisi tulilipokea likiwa bado changa.

Kuhusu umakini, tazameni picha za siku ya uhuru wa Kongo, tarehe 30 Juni 1960, kule Léopoldville, Kinshasa ya sasa. Waziri Mkuu Patrice Lumumba amesimama mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, anamweleza ana kwa ana mateso ambayo Wakongo walipewa na utawala wake. Hakuwa kwenye ratiba ya wasemaji. Hotuba ile ilitikisa Ulaya na mpaka leo inasomwa. Shingoni mwake kuna tai ya kipepeo. Nani alimcheka? Winston Churchill aliongoza Uingereza vitani akiwa na kipepeo yake ya madoadoa, na vijana wa Nation of Islam, Wamarekani weusi waliolelewa katika mitaa iliyosahauliwa, waliifanya tai hiyohiyo kuwa alama ya nidhamu yao. Umakini wa mtu hauna urefu wa kitambaa.

Tena hata hapa kwetu shingo hazijawahi kuvaa sare moja. Wakili akienda Mahakama Kuu huning'iniza vipande viwili vyeupe vya kitambaa kooni, na jaji humsikiliza. Padri ana kola yake. Kiongozi akiwasili mkoani, kijana wa chipukizi au skauti anatoka mstarini, anamvisha skafu, anapiga saluti, na mheshimiwa anakwenda nayo shingoni hadi jukwaani akiwa amefurahi. Sijawahi kusikia mtu akisema skafu ile imemshushia hadhi. Kwa hiyo tatizo la kipepeo haliwezi kuwa ugeni wake wala sura yake.

Tatizo ni mhudumu. Mtazame vizuri siku moja kwenye ukumbi wa sherehe. Amefika mchana, kabla ya mapambo kukamilika, na ataondoka usiku wa manane baada ya viti kukusanywa. Shati lake jeupe limefuliwa jana usiku kwa mkono, kola imeanza kuchanika pale inapokunjwa. Kipepeo yake ni ile iliyofungwa tayari kiwandani, lastiki imelegea, na kila akiinama kuweka sahani anairudisha katikati kwa kidole gumba. Hana ruhusa ya kulegeza kifungo hata joto la Dar es Salaam likizidi, wakati mgeni anayemwita kwa kupiga vidole amekwisha kuishusha tai yake hadi kifuani. Katika ukumbi ule, yeye ndiye aliyevaa kwa heshima kuliko wengi.

Anayesema "umefanana na mhudumu" hajasema lolote kuhusu mavazi. Amesema kuna watu ambao kufanana nao ni aibu. Wengi wetu tumesomeshwa na watu hao. Ada zililipwa kwa mishahara ya waliobeba trei, na leo mtoto wao akipata kiti cha kuzunguka anaogopa kitambaa cha inchi mbili kisije kikamfananisha na mzazi wake. Hilo linanikera kuliko kosa lolote la mitindo.

Wako pia wanaotaka tai zote zitupwe kwa kuwa ni mabaki ya ukoloni. Nawaelewa, ila njia hiyo ilishajaribiwa. Rais Mobutu aliwavisha Wazaire abacost, koti la kuvaliwa bila tai, na tai zikapigwa marufuku, na wanaume wakasubiri hadi mwaka 1990 ndipo aliporuhusu wavae wapendavyo. Na Novemba 2023, Spika Moses Wetang'ula wa Kenya akaenda upande wa pili: suti ya Kaunda ikazuiwa bungeni, vazi ambalo Rais William Ruto mwenyewe analipenda, na tai ikasisitizwa. Wote wawili walidhani shingo ya mwanamume inahitaji amri. Dodoma tuna nafuu, maana kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge kuingia na kanzu, koti na kofia.

Kwa madaktari kipepeo ina faida ya wazi kabisa: haimgusi mgonjwa. Utafiti wa mwaka 2004 katika hospitali moja ya New York uliona karibu nusu ya tai za madaktari na wanafunzi wao zina bakteria wa kuambukiza, na mwaka 2007 Wizara ya Afya ya Uingereza ikataka zivuliwe wakati wa kuhudumia wagonjwa. Tai ndefu ni nadra kufuliwa, na daktari akiinama inalala juu ya kidonda.

Sharti langu kwa anayetaka kuivaa ni moja: aifunge mwenyewe. Fundo ni lilelile la kamba za viatu, isipokuwa unalifunga kooni ukitazama kioo. Upande mmoja uache uwe mrefu kidogo, funga fundo la kwanza, mfupi ukunje, mrefu uangushe juu yake katikati, kisha usukume mkunjo wake kwa kidole upite kwenye tundu la nyuma. Bawa moja likitoka kubwa kuliko jingine, liache hivyohivyo.

Na ninyi maofisa utumishi mnaoandika "mwanamume avae tai" kwenye nyaraka zenu, ongezeni maneno matatu: "ya aina yoyote". Kijana akija kwenye usaili na kipepeo, muulizeni kazi anaijua au haijui.