DUNIA SI KITUNGUU

Msafiri atokaye Same kwenda Moshi huiacha Milima ya Upare mkono wake wa kuume, na Kilimanjaro humngoja mbele. Wengi hudhani milima hii ni ndugu. La! Mawe ya Upare yaliokwa ndani ya ganda la dunia zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalipogongana. Kilimanjaro ulianza kujengwa yapata miaka milioni 2.5 iliyopita, kwa mawe yaliyoyeyuka katika tabaka la kati, chini ya ganda.

Nasi darasani twafanya nini? Twachora duara tatu, ganda, tabaka la kati na kiini, kama kitunguu kilichokatwa. Twakariri majina, twapata alama, basi. Nionavyo mimi, mchoro huo peke yake wapotosha, kwani humfanya mtu adhani kila tabaka limefungiwa chumbani mwake.

Ukweli ni kwamba tabaka la kati, lifikalo kina cha kilomita 2,900 hivi, ni mwamba mgumu, lakini kwa joto na mgandamizo hutiririka polepole sana, sentimita chache kwa mwaka, kama kucha ziotavyo. Haba na haba hujaza kibaba. Katika kina cha kilomita 660 madini hubadilika umbo na kuwa mazito zaidi. Hapo ndipo tabaka la juu na la chini hukutana. Mwamba baridi wa sakafu ya bahari unaozama mara nyingine hukwama hapo. Mwingine hupenya mpaka karibu na kiini. Na mwamba wa moto hupanda. Mawimbi ya matetemeko yameonyesha kwamba chini ya Afrika joto hupanda kwa mshazari, kutoka kusini mwa bara kuelekea huku kwetu.

Ushahidi tunao nyumbani. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba mawe ya volkeno ya Rungwe, Mbeya, yana gesi ya heli ya asili ya kale, dalili ya vitu vilivyopanda kutoka chini sana. Huko Lashaine, karibu na Monduli, volkeno ilitapika vipande vya tabaka la kati lenyewe, kutoka kina cha zaidi ya kilomita 100.

Wako wasemao, "Yatatufaa nini, nasi hatutafika huko?" Nawajibu: mtu anayejua majina tu hawezi kuuliza swali, na asiyeuliza hatavumbua kitu. Yafaa kila shule ya wilaya yetu iwe na meza ya mawe: jiwe la Upare, na kando yake jiwe la Kilimanjaro. Wazazi wanaweza kutusaidia kuyapata. Nao walimu wetu, pamoja na kutuuliza "Taja matabaka," watuulize pia, "Umejuaje?"

Mwanafunzi, Kidato cha Nne