GARI MZEE HAIOMBE KUOGESHWA, INAOMBA MAFUTA MAPYA



Wengi mumeuliza juu ya nini gari ya masomo iko imelala nyuma ya jiko, na kuku wanaingia chini yake kama ni nyumba yao. Wengine wanasema Papa Shofere njo aliiua. Mimi kapita wenu nasema hapana. Tuliiua sisi wote, na mimi nikiwa wa kwanza.

Mnakumbuka ile siku ya posho kabla ya wageni wa komite kufika. Nilichagua vijana sita wa darasa la tano, tukafungua kapo na kumwangia moteri maji ya baridi, ndoo kwa ndoo, wakati ilikuwa ingali moto kutoka sokoni. Iling'aa kweli. Halafu mtu mmoja akatoa shauri tuioshe na ndani pia. Tukaweka mazutu katika moteri, ikazunguka dakika kidogo, tukaimwanga, tukaweka mafuta mapya. Filtri haikubadilishwa, kwa sababu feza zilikuwa zimeisha. Nilijisikia mtu mkubwa siku ile.

Siku tatu nyuma, usiku, dada yetu mmoja wa darasa la tatu akashikwa na tumbo kwa nguvu. Gari ikamubeba kwenda hospitali. Katikati ya njia taa nyekundu ya mafuta ikawaka. Papa Shofere angefanya nini? Akisimama, mtoto anateseka njiani. Akiendelea, moteri inakufa. Aliendelea, na moteri ikakwama. Dada alimaliza njia juu ya kinga, akishikiliwa na watu wawili, mpaka hospitali. Alipasuliwa asubuhi, na leo iko kati yetu. Lakini mama yake alipofika hapa, sikuweza kumtazama machoni.

Mekanisie alipofungua karteri, alituita tuone. Chini mulikuwa uchafu mweusi, mzito kama bukari iliyopikwa na makala. Alisema hivi: miezi kumi na minne hamkufanya vidanje, mliongeza mafuta tu. Uchafu ule ulikuwa umeshikamana na kuta za ndani. Mazutu yenu iliuachisha vipande vipande, vipande vikaenda kuziba kichujio cha pompa. Joji ilionyesha mafuta yako, lakini hayakupanda juu tena.

Sasa nitoe mawazo yangu, na anayekataa aandike katika namba inayofuata.

Watu wanasema: "Gari mzee inakula mafuta yenyewe, basi inatosha kuongeza." Hii ni uongo tunaojidanganya. Mafuta ya moteri yana kazi ine: yanalainisha vyuma visikwaruzane, yanapunguza moto, yanasaidia segma kufunga pistoni vizuri, na yanabeba masizi na vumbi la vyuma. Ukiongeza lita moja juu ya lita tano chafu, uchafu ungali mule mule. Ni kama kuongeza maji safi katika beseni uliyofulia soksi, halafu kunywa.

Wengine wanasema: "Moteri imezeeka, ya nini kuiharibia feza?" Lakini moteri mzee njo inachafua mafuta mbio zaidi. Segma zimekwisha, moshi wa mwako unapita chini mpaka katika karteri. Na kiangazi chetu hapa Katanga, kuanzia mwezi wa tano, vumbi jekundu linaingia kila fasi. Vitabu vya magari mengi ya mazutu ya zamani vinaomba vidanje kila kilometa 5000, na mbele zaidi kama njia ni ya vumbi. Kwa hiyo mzee hapewi kidogo kuliko kijana. Anapewa mara nyingi zaidi.

Tena wanasema: "Feza hakuna." Bwana Ekonome anisamehe, kwa heshima yote. Kwa kurekebisha moteri ile tunaombwa leo feza ambazo zingelipa vidanje za miaka mingi. Feza zilikuwako. Tulizipa wageni soda.

Na kuosha? Siyo vibaya kuosha moteri, lakini kwa akili. Ngojeni ipoe. Funikeni alternateri na mdomo wa kuvuta hewa kwa plastiki. Tumieni brosi na kitambaa, maji kidogo. Moteri safi inakuonyesha upesi fasi inavuja, faida yake ni hiyo. Lakini ndani, kwa moteri iliyokaa bila vidanje, msitie mazutu. Afazali kufanya vidanje mbili za karibu karibu, na filtri mpya kila mara, uchafu utoke pole pole. Mafuta mapya ya mazutu yakigeuka nyeusi kisha siku chache, msiogope, yanafanya kazi yake ya kubeba masizi. Yakigeuka meupe kama maziwa, maji yameingia. Simamisheni gari na kuita mekanisie.

Neno la mwisho juu ya mafuta ya zamani. Siku ile niliyamwanga mimi mwenyewe katika mfereji unaoshuka mtoni. Mama zetu wanateka maji pale chini. Nilifanya vibaya, wala sina neno la kujitetea.

Basi naomba mambo mane. Moja: kaye ifungwe ndani ya gari, iandikwe tarehe na kilometa za kila vidanje. Mbili: feza za mafuta na filtri ziwekwe kando mwanzo wa mwaka, mbele ya sherehe yoyote. Tatu: kila siku ya kwanza asubuhi, mwanafunzi mmoja wa darasa la sita apime joji pamoja na Papa Shofere, gari ikiwa imesimama fasi ya sawasawa na moteri imepoa. Ine: mafuta machafu yawekwe katika bidoni yenye kifuniko na kupelekwa garaji.

Mimi nitamaliza masomo mwezi wa saba, sitapanda tena gari hii. Lakini kila asubuhi tunaombea safari zake, na maombi yale hayatuondolee kazi ya kufungua kapo. Usiku mwingine mtoto mwingine atashikwa na tumbo. Itafaa gari iwe tayari.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, darasa la sita